Bunduki ya Tabora



Juma hili hatuandiki juu ya sabuni wala juu ya mbegu za mihogo. Tunaandika juu ya bunduki. Msishituke. Haipo tena, na ndiyo sababu tunaweza kuieleza. Kama ingekuwa bado ndani ya lupango la mtu, tungekaa kimya, maana karatasi hii inapita mikono mingi na hatujui inafika wapi.

Mambo yalianza kwenye mkutano wetu wa siku ya posho. Mnajua namna sanduku letu linavyofanya kazi: funguo tatu kwa wamama watatu, na kila mwanamemba anakopa mara tatu ya akiba yake. Akitaka kupita hapo, anaweka rehani. Tumeshapokea mbuzi, mashini ya kushona, mabati kumi na mawili, hata redio iliyokufa ambayo mwenyewe aliapa kwamba shida ni betri tu. Siku ile mjane mmoja wa kikundi chetu alikuwa na akiba ya dola 50 na alihitaji dola 280. Binti yake alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, mama mzima, lakini hospitali haikuwaachilia mpaka deni liishe. Kitanda chake kilikuwa kimepewa mgonjwa mwingine, naye alikuwa analala juu ya mkeka na mtoto wa siku kumi na saba.

Mara tatu ya 50 ni 150. Hizo tulimhesabia palepale. Zilibaki 130. Tukamwuliza: "Mama, uko na nini cha kuweka?"

Akatazama chini. Kisha akasema polepole: "Niko na bunduki ya Tabora."

Mweka hazina alifunga sanduku kabla ya saa. Kwetu huku neno bunduki katikati ya wamama si la mchezo. Wengi wetu tumeshakimbia nalo mgongoni, mtoto upande mmoja na sufuria upande mwingine. Mama akaona sura zetu, akaanza kueleza haraka haraka. Ni ya koko wa marehemu mume wake, askari wa Bulamatari, aliyekwenda mpaka Tabora kupigana na Wajerumani na kupewa bunduki ile kama zawadi. Tangu wakati huo inalala juu ya jiko, ndani ya moshi, imefungwa ndani ya mukeka. Mtoto wa shemeji yake alikuwa amekutana na mfanyabiashara mmoja huko kwenye machimbo ya dhahabu, naye akasema wazungu wananunua bunduki za vita ya kwanza, dola 3000 moja. "Nipeni hizo 130 tu," akasema. "Ikiuzwa, kikundi kitapata hata mabati ya nyumba ya mkutano."

Hatutadanganya: macho yetu yaliwaka. Elfu tatu! Kila mmoja alianza kupiga hesabu ya mabati moyoni.

Tulikuwa watano katika kamati. Tulipanga kwamba kabla ya kusema ndiyo au hapana, tungeitazama. Je, ni kweli bunduki ya Tabora? Na kama ni kweli, ina bei gani, na kwa nani? Tukaweka masharti pia. Bunduki isitoke nje ya nyumba. Sisi tungekwenda kwake. Na hakuna picha ya simu. Ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara, mtu akafungua simu yako akakuta bunduki ndani, utaeleza mpaka kesho habari za koko na Tabora.

Tulikwenda asubuhi, watu wakiwa mashambani. Kati yetu hakuna aliyetaka kuigusa, kwa hiyo tulimwita mzee mmoja jirani, askari wa zamani wa jeshi la Mobutu, anayetembea na fimbo. Akatoa watoto nje. Akaielekeza kwenye udongo wa ukuta, akajaribu kuvuta kile chuma cha kufungulia, kinachoitwa kulasi. Kilikuwa kimeshikwa na kutu. Tulimwaga mafuta ya mawese, tukangoja, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Kilipofunguka aliingiza kidole ndani, akachungulia, akasema: "Tupu." Ndipo tulipovuta pumzi. Kama mnayo kazi ya namna hii katika kikundi chenu, anzeni hapo, si kwenye bei. Bunduki ya miaka mingi inaweza kuwa na risasi ya miaka mingi ndani, na kutu haizuii kuua.

Mama mkwe wa yule mjane, koko wa nyumba, alikuwa pembeni ya moto akichambua sombe. Alitusalimia, kisha hakusema kitu tena.

Wasiwasi wetu wa kwanza ulikuwa kwamba labda ni kazi ya fundi wa kijijini. Mafundi wetu wa chuma wanaweza kutengeneza bunduki ya kuwindia kwa bomba, kwa springi na kwa mti mzuri, na ukiipaka moshi miaka kumi inaonekana ya zamani kuliko koko. Basi tulitafuta maandishi. Juu ya chuma, pale kulasi inapoingia, kulikuwa na alama zisizosomeka. Mmoja wetu alikuwa na chaki mfukoni, kama walimu wote. Tukaisaga kwa kidole, tukaisugua juu ya chuma, tukapangusa kwa kikwembe. Unga mweupe ukabaki ndani ya herufi: FABRIQUE NATIONALE D'ARMES DE GUERRE, na chini, HERSTAL. Herufi zilikuwa za kimo kimoja, zimezama sawasawa, mstari umenyoka. Mkono wa fundi hauandiki hivyo. Mmoja utazama, mwingine utaelea, herufi ya mwisho itakosa nafasi. Pembeni kulikuwa na alama ndogo ndogo, moja kama nguzo iliyosimama juu ya ngazi. Tulikuja kujua kwamba ni Perron, alama ya mji wa Liège, ambako kila mtutu ulipigwa kwanza kwa baruti nyingi kuona kama utapasuka, na uliposimama ukagongwa muhuri.

"Ni FN," mzee akasema. "Ya Wabelgiji. Ya kweli."

Mama akapiga makofi. "Si niliwaambia?"

Tungeweza kuishia hapo. Lakini ya kweli ni kitu kimoja, ya Tabora ni kitu kingine. Tulichukua mita ya mbao ya darasani, ile ya kupigia mistari ubaoni, tukapima toka mdomo mpaka kitako: mita 1 na sentimita 9. Tukaandika namba iliyo juu ya chuma cha mwili, na namba iliyo juu ya kulasi. Hazikufanana. Tukachora kila kitu kwenye daftari la mistari: tumbo la bunduki, pete zinazofunga mbao, mahali pa kutazamia. Tukaandika pia kwamba nusu ya kitako si mbao ya Ulaya. Ni mti wa kwetu, umeunganishwa kwa misumari miwili ya kujengea nyumba. Ukurasa ule, bila jina la mtu, ulikwenda na dereva wa moto mpaka Baraka, kwa mwalimu mwenzetu anayefundisha historia, kule ambako mtandao unapatikana vizuri.

Siku nne. Kila siku binti alikuwa anaosha nepi kwenye ua wa hospitali, na deni lilikuwa linangoja pamoja naye.

Jibu lilikuja, kurasa mbili pande zote. Tutawapa kilicho cha maana, kwa sababu wengi wetu tuna vitu vya zamani nyumbani na hatujui namna ya kuviuliza maswali.

Kiwanda kile cha Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka 1889 kwa kazi moja: kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Bunduki hiyo ya 1889 ni ndefu, inazidi mita 1 na sentimita 25. Mtutu wake umevikwa bomba jingine jembamba la chuma, kama mkono ndani ya shati. Na mbele ya kifyatulio kuna kisanduku cha risasi tano kinachoshuka chini, huwezi kukikosa hata gizani. Wajerumani walipoingia Liège mwezi wa nane 1914, Wabelgiji wakakosa kiwanda chao, na bunduki hizo zikatengenezwa hata Marekani, kwa Hopkins & Allen. Kwa hiyo, mwenzetu akaandika, ukikuta moja yenye jina la Marekani usiseme haraka ni ya uongo. Hilo lilitufurahisha, kwa sababu ni sisi wenyewe tungekuwa wa kwanza kusema.

Lakini askari wengi wa Force Publique hawakuwa na bunduki mpya hiyo. Walikuwa na Albini, bunduki nzito ya risasi moja moja: unainua kifuniko, unaweka risasi, unafunga, unapiga, unaanza tena. Na upande wa Wajerumani, mwaka 1914 askari wengi weusi walibeba Mauser ya 1871 ya baruti nyeusi, inayotoa wingu la moshi kila ikipigwa na kumwonyesha adui mahali ulipo. Mtu aliyerudi na bunduki kutoka Tabora, yaelekea angerudi na bunduki ya namna hizo.

Sasa ile yetu. Fupi. Tumbo lake sawa, hakuna kisanduku kinachoshuka. Mtutu haukuvikwa bomba. Umefunikwa kwa mbao juu. Ukiweka hayo yote pamoja na jina la Herstal, ni aina ambayo kiwanda kiliipa jina la mwaka wake: 1924. Mwenzetu alituma picha ya moja na picha ya nyingine, na mchoro wetu katikati. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza angeonyesha kwa kidole zipi ni ndugu.

Tabora ilianguka tarehe 19 mwezi wa tisa 1916, mbele ya jeshi la jenerali Tombeur. Toa 1916 kwa 1924. Miaka minane. Bunduki haikuwa imezaliwa.

Hapo ndipo tulipokaa kimya sisi watano, chini ya mwembe wa shule, na barua mkononi. Kujua kulikuwa rahisi kuliko kusema. Familia ile imelea watoto kwa habari za Tabora. Koko wao aliyekwenda, tunaamini alikwenda kweli, kwa sababu ni watu wengi waliokwenda. Kigoma ilichukuliwa tarehe 28 mwezi wa saba 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao kubwa Graf von Götzen, ile iliyoinuliwa baadaye na kuitwa Liemba. Lakini vita ile haikwenda kwa bunduki peke yake. Ilikwenda kwa vichwa na mabega. Wabelgiji walichukua wapagazi zaidi ya 200,000, wa unga, wa masanduku ya risasi, wa mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na wengi walikufa kwa baridi ya milima, kwa kuhara na kwa njaa. Darasani tunafundisha jina la Tombeur. Jina la mpagazi hatulifundishi, hatuna. Na katika nyumba nyingi, mtu aliyekwenda kama mpagazi amekuwa askari kwa njia ya wajukuu. Ni nani atamlaumu mjukuu?

Lakini mweka hazina alisema maneno ya kweli: kikundi kina pesa ya wamama thelathini, na hatuwezi kuikopesha juu ya habari tunayojua si hivyo. Tukarudi.

Tulieleza taratibu, tukaonyesha picha. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. "Mnataka kunishushia bei! Mnataka niwape kwa 130, ninyi mwende kuiuza 3000!" Tulikaa na neno lile. Lilituumiza, na tukiwa wakweli, lilituumiza kwa sababu siku ya kwanza mmoja wetu alikuwa amesema kwa mchezo kitu kilichofanana na hicho. Tukainuka kwenda.

"Kaeni," koko akasema kutoka kwenye moto. "Bunduki ile haikutoka Tabora. Mume wangu aliileta usiku."

Ilikuwa mwaka 1964. Yeye alikuwa bibi-arusi wa miezi michache tu. Vita ya Mulele ilikuwa imefika Uvira na Fizi, vijana wengi waliingia, na mume wake aliingia pia. Jeshi la taifa lilikuwa bado na bunduki nyingi zilizoachwa na Force Publique, na askari wakikimbia walizitupa. Ndivyo moja ilivyofika mkononi mwake. Mwaka 1965 walikuja hata Wakuba, na Che Guevara mwenyewe, toka mwezi wa nne mpaka wa kumi na moja, kisha wakaondoka kwa njia ya ziwa. Jeshi likarudi na mamluki wa kizungu. Wakaanza kupekua nyumba. Mtu aliyekutwa na bunduki ya Mulele hakuulizwa mara mbili.

Ndipo baba mkwe wake, yule mzee wa Tabora, alipowaita wote wawili ndani. Alikuwa kweli amefika Tabora, akibeba mizigo, na maisha yake yote alikuwa akieleza safari ile mpaka watu walimkimbia kwenye pombe. Akasema: "Semeni ni yangu. Semeni Bulamatari alinipa. Mimi ni mzee, hawatanifanya kitu." Na waaskari walipokuja, alikaa mlangoni, akaanza kueleza Tabora, safari nzima, mito, milima, njaa, mpaka walichoka wakaenda zao bila kupanda juu ya jiko.

"Alikufa akiwa na bunduki ambayo hakuipiga hata siku moja," koko akasema. "Na mume wangu akaona vema watoto waamini hivyo. Mtoto hawezi kutoa siri asiyoijua."

Yeye ndiye aliyeificha miaka ile yote. Ndani ya gala. Chini ya mihogo iliyolowekwa. Mara moja chini ya mtoto aliyelala, na askari akasimama juu yao. Mwaka 1996, walipokimbia, aliibeba katikati ya kuni kichwani, akateleza mtoni, kitako kikapasuka juu ya jiwe. Fundi aliyejenga nyumba yao mpya ndiye aliyeunga kipande kile, kwa misumari yake.

Tulitazama daftari letu. Palikuwa pameandikwa, kwa mkono wetu safi wa walimu: kitako kimebadilishwa, kinashusha bei.

Mama mjane alikuwa amekaa chini. Ameolewa katika nyumba ile zaidi ya miaka ishirini, amepika chini ya kitu kile kila siku. "Mama, mbona hukuniambia?" Koko akasema hakuna mtu aliyeuliza. Kila mtu aliuliza juu ya Tabora.

Basi bei. Barua ya Baraka ilitueleza hilo pia. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaokusanya bunduki za zamani, na wanalipa vizuri, lakini wanatazama kama namba za kila chuma zinafanana, kama mbao ni ya kiwandani, kama kuna karatasi inayoonyesha ilitoka kwa nani. Yetu ilianguka mtihani wote. Na hata ingepita, ingefikaje huko? Sheria yetu ya silaha ya mwaka 1985 hairuhusu raia kuweka silaha bila kibali, sembuse silaha ya vita. Hakuna mlango wa haki ambao mama angepitia nayo kwenda sokoni. Kwa hiyo mtu anayesema dola 3000 kwenye machimbo, ama anaota, ama anataka kitu kingine.

Tulimwuliza mzee wa fimbo kitu hicho ni nini. Akasema risasi za milimita 7.65 si za kuokota siku hizi. Bila risasi bunduki ile ni mchi tu. Tukafurahi kidogo. Mwenzetu mmoja hakufurahi. Yeye alisimamishwa njiani usiku miaka michache iliyopita, akachukuliwa magunia mawili ya maharagwe na simu. "Sikuomba kuona risasi," akasema. Huko nje, bunduki tupu ina kazi yake, na hiyo ndiyo kazi ambayo mnunuzi wa machimboni angeinunulia. Magunia yale yangekuwa ya mmoja wenu mnaosoma hapa.

Kuna mahali ambapo bunduki ilikuwa na bei nzuri. Msumbiji, baada ya vita yao, baraza la makanisa lilianza mwaka 1995 kupokea silaha na kutoa vyombo vya kazi: mashini ya kushona, baiskeli, majembe. Na hapa karibu, Katanga, mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walitoa baiskeli kwa bunduki. Mashini ya kushona kwa bunduki! Tulilisoma hilo mara mbili. Kama ofisi ya namna ile ingekuwa hapa Kilembwe, tungempeleka mama kwa mkono asubuhi ileile, na wengine wangetufuata na vitu ambavyo hatutaki kuvikisia. Haipo. Kwa hiyo rehani ilikuwa sifuri, na 130 bado zilikuwa 130.

Tulifanya tulichopaswa kufanya siku ya kwanza kabla ya macho yetu kuwaka. Kisanduku cha mshikamano kilitoa 60. Sisi watano wa kamati tulitoa kumi kumi, na tuseme wazi kwamba mmoja alitoa akinung'unika. Ishirini zilizobaki mama aliuza bidoni ya mawese. Binti na mtoto walitoka siku ya tano, saa nne za asubuhi, na mtoto amepewa jina la mpagazi.

Juu ya bunduki, tulimwachia koko aseme, si kwa heshima ya mdomo tu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye kitu. Alisema amechoka kuilinda. Wengine waliogopa kumwendea shefu wa mtaa, wakidhani angetafuta faini kwanza. Watatu tulikwenda naye. Shefu aliuliza maswali mengi, hasa kama kuna nyingine, kisha akaja mwenyewe na fundi wa chuma. Mtutu ulikatwa vipande vitatu kwa msumeno, mbele ya macho yetu, na ulichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Meno mawili ya msumeno yalivunjika. Kulasi shefu aliichukua, akaandika karatasi, akatia sahihi, nasi tukatia sahihi. Chuma kilichobaki kilikuwa malipo ya fundi. Koko aliomba kile kipande cha kitako chenye misumari miwili. Kiko kwake.

Siku ya posho iliyofuata alikuja kwenye mkutano, ingawa si mwanamemba. Alitaka kuona daftari la rehani. Tulikuwa tumeandika siku ile ya kwanza, mbele ya jina la mkwe wake: bunduki ya Tabora, haijapimwa. Tukamsomea. Akatuomba tufute neno Tabora na tuandike mwaka 1964, na jina la mume wake, na chini yake jina lake yeye. Kalamu ilikuwa imekauka, ikabidi tuazime ya mweka hazina. Tulipomaliza akatuambia tumsomee tena, polepole.